Upasuaji wa Moyo kwa Mvutaji wa Sigara: Namna Mapafu Yanavyosaidiwa Kupumua

Mzee mmoja wa wilaya yetu, mkulima wa tumbaku na mvutaji wa sigara kwa zaidi ya miaka 30, alisafiri hadi Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa moyo, akarudi nyumbani kifua chake kikiwa hakijaguswa kwa kisu. Barua yake ya rufaa ilikuwa kamili, gharama zilikuwa zimepangwa, na tarehe ilikuwa imewekwa. Kilichomrudisha ni mapafu. Madaktari walimtaka aache sigara, akae wiki 8 bila kuvuta, kisha arejee.

Kijijini kwake habari hiyo ilipokewa vibaya. Wapo waliosema mnadani kwamba amekataliwa kwa sababu ya umri, na wapo waliosema kwamba ugonjwa umeshindikana na madaktari wamemficha. Yeye mwenyewe anakiri kwamba alirudi na hasira, kwa kuwa alikuwa ameuza ng'ombe 2 kwa ajili ya nauli na malazi yake pamoja na ya kijana wake aliyemsindikiza. Sasa, akiwa amekwisha kupasuliwa na kupona, ametukaribisha barazani kwake na kuturuhusu tueleze mkasa wake bila kumtaja jina, ili mwingine asiuze ng'ombe mara mbili kwa matibabu yale yale.

Makala haya yanaeleza kwa nini madaktari wa moyo huyajali sana mapafu ya mvutaji, na ni nini hasa hufanyika kwa pumzi ya mgonjwa pale kifua kinapofunguliwa. Ni habari za chumba cha upasuaji kilicho mbali nasi, lakini sehemu yake kubwa huanzia kwenye zahanati ya kijiji.

Moshi unavyoyaacha mapafu

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vinavyokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 300. Ndani ya vifuko hivyo hewa safi hupenya na kuingia katika damu, na hewa ya ukaa hutoka. Njia za kufikia huko zimetandazwa vijinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea mchana na usiku na kusukuma makohozi yenye vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Mtu huyameza au kuyatema bila hata kufikiri.

Moshi wa tumbaku huvidumaza vijinyweleo hivyo, na wakati huohuo huzichochea njia za hewa kutoa makohozi mengi na mazito zaidi. Kwa maneno mengine, takataka huongezeka huku wafagiaji wakiwa wamelala. Ndiyo sababu mvutaji hukohoa sana asubuhi: kikohozi kinafanya kazi ambayo vijinyweleo vimeshindwa kuifanya usiku. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa hawezi kukohoa. Makohozi hubaki yalipo, yakaziba njia ndogo za hewa, na vifuko vilivyo nyuma ya kizibo hicho vikasinyaa.

Madhara ya pili huchukua miaka. Kuta za vifuko huchakaa na kuungana, na njia za hewa hupoteza ule mvutano unaoziacha wazi wakati mtu anapotoa pumzi. Wasomaji wetu waliowahi kukausha tumbaku wataelewa upesi. Bani lenye moto mzuri, lakini ambalo matundu yake ya juu yameziba, hujaa unyevu usio na pa kutokea, na majani huharibika ingawa kuni hazikukosekana. Mapafu ya mvutaji wa muda mrefu yako hivyo: kuingiza hewa si tatizo kubwa, tatizo ni kuitoa.

Jambo la tatu ni sumu ya muda mfupi. Moshi wa sigara una kabonimonoksaidi, gesi ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, hivyo huchukua nafasi ambayo ingebebeshwa oksijeni. Mtu anayepumua hewa ya kawaida huhitaji saa 4 hadi 6 hivi ili kiasi chake katika damu kipungue kwa nusu. Kibaya zaidi, kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha vizuri gesi hiyo na oksijeni. Mvutaji aliyevuta sigara asubuhi ya upasuaji anaweza kuonyesha namba nzuri ilhali damu yake ina upungufu.

Kwa moyo wenye mishipa iliyoziba, ambao tayari unapata oksijeni kwa shida, hilo si jambo dogo.

Pumzi inapokabidhiwa mtu mwingine

Kabla ya upasuaji mgonjwa hulazwa usingizi na mpira mwembamba hupitishwa kinywani hadi ndani ya koromeo la hewa. Kuanzia hapo, mashine ndiyo inayosukuma hewa, na daktari wa usingizi ndiye anayeamua kila pumzi iwe kubwa kiasi gani, iingie kwa kasi gani, na ipewe muda gani wa kutoka. Wengi wetu tunamfahamu daktari huyu kama mtu anayechoma sindano ya usingizi kisha akaondoka. La hasha. Hukaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mvutaji kazi yake huongezeka maradufu.

Hatari ya kwanza hutokea mpira unapoingia tu. Njia za hewa za mvutaji zina hasira. Zikiguswa zinaweza kujibana ghafla kama za mgonjwa wa pumu, hewa isiingie. Kwa hiyo daktari huhakikisha kwanza kwamba mgonjwa amelala usingizi mzito, na mara nyingi huwa amempa mapema dawa ya kuvuta ya kutanua njia za hewa, kama vile salbutamoli. Mzee wetu alipewa dawa hiyo usiku na asubuhi, na alidhani wamekosea faili kwa kuwa yeye hana pumu.

Baada ya hapo hufuata swali la kiasi cha hewa. Zamani ilidhaniwa kwamba pumzi kubwa ndiyo yenye manufaa, na mashine ziliwekwa zisukume mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtazamo huo ulibadilika hasa baada ya jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2000, lililohusu wagonjwa 861 ambao mapafu yao yalikuwa yamejeruhiwa vibaya. Waliopewa pumzi kubwa za mililita 12 kwa kilo walifariki kwa asilimia 39.8, na waliopewa pumzi ndogo za mililita 6 kwa kilo walifariki kwa asilimia 31. Wagonjwa hao hawakuwa wa upasuaji wa moyo, lakini funzo lilivuka mipaka: mapafu yakivutwa kupita kiasi, mashine yenyewe huyajeruhi. Leo katika upasuaji kipimo cha kawaida ni mililita 6 hadi 8 kwa kilo.

Kilo zinazohesabiwa hapa si zile za mizani. Huhesabiwa kutokana na urefu na jinsia, kwa sababu mapafu hayakui pamoja na kitambi. Mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170, awe mwembamba au mnene, huhesabiwa kuwa na kilo 66 hivi, na pumzi yake huwa kati ya mililita 400 na 530, kiasi cha chupa ndogo ya maji ya nusu lita. Ndiyo sababu muuguzi hukusimamisha ukutani kukupima urefu hata unapokwenda kwa maradhi ya moyo, jambo ambalo baadhi ya wananchi wamelilalamikia kwetu kuwa ni kupoteza muda.

Kwa mvutaji, hata hivyo, muda ni muhimu kuliko kiasi. Mashine ikiwekwa isukume pumzi 20 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 3: sekunde 1 ya kuingia na 2 za kutoka. Mapafu yenye afya hutosheka. Mapafu yaliyochakaa kwa moshi bado huwa hayajamaliza kutoa hewa pale pumzi inayofuata inapoingia. Hewa hubaki, ikaongezewa nyingine, na nyingine tena, kifua kikajaa kama mpira wa baiskeli unaopigwa pampu bila kupimwa. Basi daktari hupunguza mwendo. Akiweka pumzi 10 kwa dakika, kila moja ina sekunde 6, na anaweza kutoa sekunde 1.5 za kuingiza na sekunde 4.5 za kutoa. Kwenye kioo cha mashine hutazama mstari wa hewa inayotoka: usiporudi sifuri kabla ya pumzi mpya, anajua hewa imenaswa.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwa mgonjwa wa moyo? Kwa sababu moyo na mapafu hukaa chumba kimoja. Kifua kikijaa hewa iliyonaswa, shinikizo hupanda na damu inayorudi moyoni kutoka miguuni na tumboni hushindwa kuingia. Moyo hukosa cha kusukuma, na presha ya damu huanguka. Asiyejua chanzo anaweza kuongeza dawa za kupandisha presha pasipo mafanikio. Dawa yake ni nyepesi ajabu: mpira huachanishwa na mashine kwa sekunde kadhaa, hewa iliyonaswa ikatoka yenyewe, na presha ikarudi. Tulipoelezwa jambo hili na mtaalamu wa usingizi wa hospitali yetu ya wilaya, tulimwomba arudie, kwani hatukutegemea kwamba tiba ya presha iliyoanguka inaweza kuwa kuchomoa bomba la mashine.

Kupunguza mwendo wa pumzi nako kuna gharama yake. Hewa ya ukaa hutoka kwa uchache na kuongezeka katika damu. Mgonjwa mwenye moyo imara huvumilia ongezeko la wastani, lakini hewa ya ukaa ikizidi, mishipa ya mapafu hujibana na upande wa kulia wa moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mgonjwa ambaye upande huo umekwisha dhoofika, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye valvu zilizoharibika, hawezi kuachiwa. Hapo hakuna namba moja ya kunakili kitabuni. Daktari hupima damu ya mshipa wa mkononi kila baada ya muda, akasogeza mashine huku na huku. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapa ndipo ustadi wa kazi hiyo unapoonekana, na ni ustadi ambao mgonjwa hataushuhudia kamwe kwa kuwa amelala.

Moyo uliosimama na mapafu yaliyolala

Upasuaji mwingi wa kufungua moyo huhitaji moyo usimamishwe. Damu hupitishwa katika mashine ya moyo na mapafu, ambayo huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Mashine ya aina hiyo ilitumika kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na daktari John Gibbon mjini Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Hapa nchini, wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wakipelekwa nje, hususan India, kabla ya huduma hizo kuimarishwa nyumbani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, sasa hufanya upasuaji huo.

Wakati mashine inafanya kazi, mapafu hayahitajiki. Kwa kawaida huachwa yasinyae, kwani yakiendelea kupanda na kushuka humsumbua daktari mpasuaji. Hata hivyo kusinyaa si kupumzika. Damu iliyopita katika mipira ya plastiki huamsha uvimbe mwilini, na mapafu huanza kuvuja majimaji kidogo kidogo, huku vifuko vya hewa, hasa vya upande wa mgongoni, vikijifunga. Kwa mvutaji, makohozi hutuama palepale. Wataalamu wamejiuliza kama ni afadhali kuendelea kuyapa mapafu pumzi ndogo ndogo muda wote huo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ufaransa hayakuonyesha tofauti ya maana kwa wagonjwa wa kawaida, kwa hiyo kila timu hufuata utaratibu wake.

Kinachokubaliwa zaidi ni namna ya kuyaamsha. Kabla moyo haujarudishiwa kazi yake, daktari wa usingizi hufyonza makohozi kwa mpira mwembamba, kisha hujaza mapafu polepole na kushikilia shinikizo kwa sekunde kadhaa mpaka vifuko vilivyojifunga vifunguke. Kifua kiko wazi, hivyo yeye na mpasuaji huyaona mapafu yakigeuka kutoka rangi ya damu ya mzee hadi waridi, yakipanda kama unga wa maandazi. Ni lazima afanye taratibu. Mshipa mpya uliopandikizwa kwenye moyo unaweza kuvutwa na pafu la kushoto linalopanuka kwa ghafla, na kwa mvutaji kuna vifuko vikubwa vilivyochakaa ambavyo vinaweza kupasuka na kumwaga hewa kifuani. Katika upasuaji wa valvu, pumzi hizo husaidia pia kuusukuma nje upovu wa hewa uliobaki ndani ya moyo, usije ukaelekea kwenye ubongo.

Baada ya hapo mashine huachiwa shinikizo dogo la kudumu mwishoni mwa kila pumzi, kwa kawaida kama sentimita 5 za maji, ili vifuko visijifunge tena. Oksijeni nayo haitolewi kwa asilimia 100 pasipo sababu, kwani oksijeni tupu hunyonywa yote na damu na kuacha kifuko kikiwa kitupu, kikasinyaa.

Baada ya kifua kufungwa

Mgonjwa hupelekwa chumba cha uangalizi maalumu akiwa bado na mpira kinywani. Asiye na matatizo huweza kutolewa mpira huo ndani ya saa 6 hivi. Kadiri unavyokaa ndivyo hatari ya nimonia inavyopanda, kwa hiyo hakuna anayeucheleweshea mgonjwa kwa makusudi. Mvutaji ndiye huchelewa zaidi: makohozi ni mengi, oksijeni haipandi, na msuli wa kiwambo umechoka. Wengine wakishatolewa mpira huvalishwa barakoa inayosukuma hewa kwa shinikizo kwa saa kadhaa.

Kisha huja sehemu ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya. Mfupa wa kidari umekatwa na kufungwa kwa waya. Kukohoa kunauma, na mtu anayeogopa maumivu hupumua juu juu, hakohoi, na makohozi hukaa. Mzee wetu alipewa mto wa kukumbatia kifuani kila anapokohoa, akafundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia kidogo, na kuitoa. Alitakiwa kufanya hivyo kila saa akiwa macho. Siku ya pili alikalishwa kitini. Anasema alimchukia yule kijana wa fiziotherapia kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutana naye, na kwamba siku ya kuondoka alimpa mkono kwa muda mrefu.

Wiki 8

Turudi sasa kwenye safari ya kwanza. Kwenye fomu mzee aliandikisha kwamba hakuwa akivuta. Alifikiri kusema kweli kungemnyima nafasi. Muuguzi alitazama vidole vyake vya mkono wa kulia, vilivyokuwa na rangi ya manjano, akamuuliza tena kwa upole wakiwa wawili tu. Alikiri sigara 20 kwa siku, na kwamba ya mwisho aliivuta stendi ya mabasi. Kwa kuwa hali ya moyo wake iliruhusu kusubiri, walimpa wiki 8.

Muda huo haukutoka hewani. Utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 1989, uliofuatilia wagonjwa 200 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, ulionyesha kwamba walioacha sigara kwa miezi 2 au pungufu walipata matatizo ya mapafu karibu mara 4 ya walioacha kwa muda mrefu zaidi. Walioacha kwa zaidi ya miezi 6 walikaribiana na wale ambao hawakuwahi kuvuta. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwaka 2020 kwamba kuacha tumbaku takribani wiki 4 kabla ya upasuaji hupunguza madhara, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo huboresha matokeo kwa asilimia 19.

Kutokana na utafiti ule wa kwanza ulizuka uvumi, na tumeusikia hata kwa baadhi ya watumishi wa afya, kwamba kuacha sigara siku chache kabla ya upasuaji ni hatari kuliko kuendelea kuvuta. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa baadaye haukuthibitisha hivyo. Ndani ya siku moja au mbili ile gesi ya mkaa huwa imetoka katika damu. Vijinyweleo huanza kuzinduka katika siku chache zinazofuata, na makohozi hupungua baada ya wiki kadhaa. Aliyebakiwa na siku 3 aache kwa siku 3. Na ieleweke kwamba mgonjwa ambaye mishipa ya moyo wake inatishia uhai wake leo hasubirishwi miezi 2. Hupasuliwa kwa mapafu aliyonayo, na daktari wa usingizi hupambana nayo jinsi yalivyo.

Tulipomuuliza mzee iwapo kuna mtu yeyote wa afya hapa wilayani aliyewahi kumwuliza kuhusu sigara kabla ya kumpa rufaa, alifikiri kwa muda, akasema hapana. Alipimwa presha, akasikilizwa moyo, akaandikiwa barua. Hilo ni letu sisi. Swali moja katika kituo cha kwanza lingemwokolea safari nzima, na tumelifikisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kama lilivyo.

Tunajua pia kwamba wilaya hii inaishi kwa tumbaku. Ushuru wake uko katika bajeti ya Halmashauri hii, na jarida hili lenyewe huchapwa kwa bajeti hiyo. Halimkatazi mtu kulima zao halali. Lakini mkulima anayeuza jani hakulazimika kulivuta, na wengi wa wavutaji wetu wa muda mrefu walianza kwa kuonja la kwao wenyewe, likiwa bado na joto la bani.

Neno la ziada kwa akina mama: daktari akiuliza kuhusu moshi, usijibu haraka kwamba wewe huvuti. Aliyepika kwa kuni miaka 30 ndani ya jiko lisilo na dirisha anaweza kuwa na mapafu yanayonasa hewa kama ya mvutaji, na daktari wa usingizi anahitaji kulijua hilo vilevile.

Mwenye rufaa ya moyo afanye nini

Mwananchi aliyepewa rufaa ya matibabu ya moyo, au anayehudhuria kliniki ya moyo na presha, ataje tumbaku yake yote bila kuulizwa: sigara, msokoto, shisha, bangi, na ugoro pia. Aseme ni ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, kwa kuwa daktari huzidisha namba hizo kukadiria uchakavu wa mapafu. Aseme lini alivuta ya mwisho. Jibu lake ni siri ya matibabu, na kazi yake ni kumwezesha daktari kupanga mashine.

Amwombe mganga aliyemwandikia barua aongeze maelezo hayo ndani yake, pamoja na kama ana kikohozi cha asubuhi, kama hupiga mluzi kifuani, na ngazi au mlima gani humkatisha pumzi. Mwenye homa au makohozi yaliyobadilika rangi atoe taarifa kabla ya kupanda basi, kwani maambukizi ya kifua yanaweza kuahirisha upasuaji. Mwenye dawa ya kuvuta asafiri nayo mkononi, si ndani ya begi linalowekwa chini ya gari.

Ushauri wa kuacha tumbaku hutolewa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya Halmashauri, na mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kumfuatilia mgonjwa nyumbani katika wiki za mwanzo, ambazo ndizo ngumu. Aliyerudia kuvuta asione haya kurejea kliniki. Mzee wetu alirudia mara 2 ndani ya wiki ya kwanza, na hesabu yake ya wiki 8 ilianza upya kila mara. Siku za kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa Hospitali ya Wilaya na katika ofisi za watendaji wa kata.